Wenye laivu kubwa Tanga, acheni kuwachangisha wadogo eti mnawapa shavu

Wakuu, salaam. Mods naomba uzi huu usiunganishwe na ule wa matapeli wa mitandaoni. Ninaowasema hapa si matapeli wa kujificha. Ni watu tunaowajua, tunapishana nao Ngamiani, tunakaa nao baraza moja, na wengine tumewashika mkono sisi wenyewe tangu laivu zao za TikTok, yaani matangazo ya moja kwa moja, zina watazamaji wa kuhesabika kwa vidole. Ndiyo maana inauma.

Mchezo uko hivi. Mtu ukurasa wake ukishafika wafuasi 40,000 au 50,000, anatangaza kwamba Jumamosi baada ya isha ana laivu ya kuinua vipaji vya Tanga. Mwenye ukurasa mdogo anaambiwa atume 20,000 kwa simu, apandishwe boksi, yaani kile kidirisha cha mgeni kwenye skrini ya mwenyeji, aonekane na watu. Na wanatuma! Anatuma binti anayepika Makorora, anatuma kijana anayeonyesha mnada wa samaki Deep Sea alfajiri, anatuma mchambuzi wa mpira anayerusha laivu nje ya uwanja wa Mkwakwani kila Wagosi wa Kaya, yaani Coastal Union, wakicheza nyumbani. Usiku ukifika wanapandishwa, maiki zinazimwa, wanaachwa hapo wakitabasamu. Mwenyeji anasalimia waliotuma zawadi jina kwa jina. Anaomba watu wagonge skrini. Halafu anawashusha wote kwa mpigo kwa sababu kuna mwenzake wa Dar amemwita kwenye bato, yale mashindano ya nani atatumiwa zawadi nyingi, na bato moja ni dakika tano, na hawajawahi kupiga moja wakaacha. Saa sita usiku anaaga. Majina ya wale wageni hayajatajwa hata moja.

Kilichonifanya niandike ni kilichompata mdogo wangu mmoja wa Pangani. Jina lake silitaji. Anasuka mikeka, na anaonyesha kazi yote tangu ukindu unachemshwa kwenye rangi, unaanikwa, unasukwa ukili, mpaka ukili unashonwa kuwa mkeka. Mikono yake haikosei hata akiwa anasoma maoni ya watu. Ukurasa wake ulikuwa na wafuasi 600 na ushei. TikTok kwa kawaida haikupi kitufe cha kwenda laivu mpaka ufikishe 1,000, kwa hiyo mtu wa 600 yuko kwenye mlango uliofungwa, na mwenye laivu kubwa anajua hivyo. Anajua huyu mdogo ana shida gani, na hapo ndipo anapomtajia bei.

Alituma hela. Siku hiyo alichemsha rangi mpya, akatundika mkeka mzuri ukutani nyuma yake, akanunua bando. Akapandishwa boksi akasubiri zaidi ya saa nzima. Alipofunguliwa maiki alipewa muda wa kusema jina na anapotoka. Ila watu walikuwa wameshaona ukili mkononi mwake, wakaanza kuuliza. Wengi ni ndugu zetu walioko Oman, ambao muda ule kwao saa imesogea mbele moja tu na wamesharudi kutoka kazini. Mmoja aliuliza mkeka wa sita kwa tisa ni shilingi ngapi na unasafirishwaje. Wengine wakataka kumtuza. Mwenyeji akawaambia, "Tumeni kwangu, mimi nitamfikishia." Wakatuma. Nimeziona zawadi zikipita kwenye skrini kwa macho yangu. Mpaka leo hajafikishiwa chochote, na meseji zake zinasomwa hazijibiwi. Lile swali la bei ya mkeka lilifunikwa na maoni mengine, jina la ukurasa wake halikubandikwa juu, na asubuhi yake wafuasi wapya walikuwa wachache kuliko anaowapata akiweka video moja ya kawaida.

Jamani, sisi ni watu wa Tanga. Mji huu umekuza taarabu, hapa ndipo walipotoka Black Star na Lucky Star, na adabu ya kutuza tunaijua tangu tukiwa watoto. Harusini mtu akiinuka kwenda kutuza, hela inakwenda kwa aliyeimba. Sijawahi kuona mwenye ukumbi anasimama njiani anapokea noti za mwimbaji halafu anamwambia akirudi kwao atapigiwa simu.

Sasa wanapobanwa wanajitetea kwamba wamempa mtu jukwaa, kilichobaki ni bahati yake. Hapo ndipo nataka niseme kwa kirefu, kwa sababu wengi wetu tunachangishwa kwa kutojua mambo haya yanavyofanya kazi.

Kumpandisha mtu boksi kama mgeni hakumpeleki mtazamaji hata hatua moja kwake. Watu wote wanabaki chumbani kwa mwenyeji, hesabu ya watazamaji inapanda kwake, na laivu ikifungwa wote wanatawanyika. Ni tofauti na kuunganisha laivu mbili, ambapo kila mmoja ana chumba chake na watu wake, skrini inagawanyika, na mtazamaji akivutiwa anaweza kuingia moja kwa moja upande wa pili. Kama mwenzako ana kitufe cha laivu, muunganishe kwa njia hii ya pili. Kama hana bado, mpandishe boksi lakini kazi yako yote usiku huo iwe kuwatuma watu kwenye ukurasa wake, afike 1,000, ajitegemee. Hakuna sababu nyingine ya kumweka pale.

Na hii si hoja yangu peke yangu. Vijana wa magemu wanaorusha Twitch watanielewa. Zamani kule kulikuwa na utaratibu wa kuonyesha laivu ya mwenzako kwenye chaneli yako mwenyewe, unaitwa hosti. Twitch wenyewe waliuondoa Oktoba 2022, na sababu waliyoitoa ni kwamba mtazamaji alikuwa anaangalia kazi ya mtu bila kuweza kuongea na mwenye kazi, na aliyeonyeshwa hakui kama inavyotakiwa. Wakabaki na reidi, iliyokuwepo tangu 2017. Reidi ni kwamba unapomaliza laivu yako, unawachukua watazamaji wako wote unawaingiza kwa mwenzako aliye hewani muda huo. Wanaingia kwake wakiwa wanaandika, anawaona, anawasalimia. Bure. Wakaongeza na amri ya kumtaja mwenzako katikati ya laivu, inatokea kadi yenye jina lake na kitufe cha kumfuata. Bure pia. YouTube nao wanakuruhusu ukimaliza laivu uwaelekeze watu wako kwenye laivu ya mwingine. Anayeelekeza awe na wafuasi 1,000 na asiwe na onyo la kuvunja kanuni, na anayepokea aruhusu kwenye mipangilio yake. Instagram tangu 2021 mnaweza kukaa hewani watu wanne kwa pamoja. Hizi njia zote hazina ada. Ile 20,000 ilikuwa ya nini?

Nitasema pia kuhusu namna ya kumtambulisha mtu, kwa sababu hata wasiochukua hela wengi wanafanya ovyo. "Huyu naye mfuateni jamani, ni mwenzetu." Nani atamfuata? Mtazamaji hamjui, hajaambiwa anafanya nini, jina la ukurasa lina herufi mbili zilizorudiwa na namba mwishoni, akitafuta anakosa. Kumpigia mtu debe ni kusema umeona nini kwake. Sema, "Huyu dada nimemtazama wiki iliyopita anashona mkeka, nikalala saa nane nikitaka kuona utaishaje." Mtu anayekuamini atakwenda kuangalia. Taja jina herufi kwa herufi, moda wako, yule anayekusimamia maoni, alibandike juu lisifunikwe. Na usingoje umebaki na watu kumi wanaosinzia. Mtaje wakati laivu imejaa, pale kabla ya bato, kabla hujaanza kuomba zawadi zako. Mwenye laivu yoyote anajua ni saa ngapi watu wake wanakuwa wengi. Kumsogeza mwenzako mwisho ni kumwambia kwamba humthamini, na watazamaji wanalisoma hilo haraka kuliko unavyodhani.

Mwambie mapema. Hili watu wanalipuuza sana. Kijana mmoja wa Sahare alitumiwa watu wengi kwa nia njema kabisa, na yeye alikuwa amezima laivu anakula. Wakaingia wakakuta hakuna kitu. Meseji moja tu, "nakuletea watu saa nne, uwepo," ingetosha. Naye ajiandae: aeleze kwa kifupi anafanya nini, kwa sababu waliofika hawajui mwanzo wa habari. Na wewe uliyewaleta usikimbie, ingia nao, kaa kidogo, uliza swali la kwanza. Watu wako wakikuona umekaa, nao wanakaa.

Kisha angalia unampeleka nani kwa nani. Watazamaji waliokuja kwa ajili ya uchambuzi wa mpira ukiwamwaga ghafla kwa mama anayefundisha kupika mkate wa sinia, wataondoka wote na pengine wamtukane. Nimeyaona matusi hayo, na mama wa watu alifunga laivu analia. Kama unajua una watu wenye midomo michafu, wakumbushe adabu kabla, mpe mwenzako moda wako mmoja akamsaidie kuwazuia. Usimpelekee mtu kundi usilolimudu mwenyewe.

Na ule mtindo wa nifuate nikufuate, tafadhali tuuache. Unajaza ukurasa wa mwenzako watu ambao hawatarudi kutazama hata siku moja. Idadi inapanda, anafurahi, anakwenda laivu anakuta watu watatu. Huyo hujamsaidia.

Najua kuna watakaosema bando ghali, umeme unakatika, laivu ni kazi na kila kazi ina malipo. Nakubali laivu ni kazi. Kama unauza tangazo, liite tangazo, sema bei na dakika anazopata mteja, na watazamaji wako uwaambie kwamba hili limelipiwa. TikTok wameweka mpaka sehemu ya kuwasha kuonyesha kuwa maudhui ni ya kibiashara, kwa hiyo hakuna aliyekukataza. Ninachokikataa ni kuuza tangazo kwa jina la kuinua vipaji, kutolitoa hilo tangazo, na kushika tuzo ya mtu.

Kinachonikera zaidi ni kwamba hawa wakubwa wenyewe waliinuliwa bure. Nakumbuka vizuri nani alimpandisha nani, na nani aliwaambia watu wake "nendeni kwa huyu kijana, anaweza." Hakuna aliyetuma hela kwa mtu. Wakawa na majina. Sasa wamefunga mlango wanasimama na risiti.

NYONGEZA: Nimeulizwa kwenye majibu kwa nini sitaji ukurasa. Sitaji kwa sababu sipendi mdogo wangu aanze kutukanwa, na kwa sababu si mmoja. Mwenye laivu amesoma uzi huu, najua, maana kuna watu wake wameshakuja hapa kunijibu kwa hasira. Mwambieni ninachotaka: amrudishie 20,000 yake, zile zawadi alizozipokea kwa niaba yake amkabidhi, na amtaje laivu kwa jina, watu wakiwa wamejaa.

NYONGEZA 2: Kaka uliyeandika kwamba mabinti wanapenda njia ya mkato, rudi usome. Mtu anayechemsha ukindu, akasuka ukili pima kwa pima mpaka mkeka ukatimia, unamwambia anapenda njia ya mkato?

NYONGEZA 3: Waliochangishwa kama yeye, niandikieni faragha mlituma lini na mlionyeshwa muda gani, na hifadhini meseji za muamala, msizifute. Na wenye laivu za wastani ambao mko tayari, tumeanza kupangana wenyewe kwa wenyewe: kila jioni mmoja anamalizia kwa mwenzake, Tanga mjini, Muheza, Pangani, Korogwe. Hakuna kiingilio. Mdogo wangu amebakiza wafuasi wachache afike 1,000, na akipewa kitufe chake atakayeanza kumpelekea watu ni yule dada wa mapishi wa Makorora, saa tatu usiku. Anayetaka zamu inayofuata aseme hapa chini anafanya nini na yuko hewani siku zipi.