FENI INAZUNGUKA NYUMA YAKO, HALAFU UNASEMA MTANDAO UMEGANDA?

BintiIgoma:

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, herufi zikiruka mnisamehe.

Yule kaka yangu wa Toronto, wa "sisi huku". Mnamjua. Yule yule. Leo kaganda. Kaganda kwa makusudi, mdomo wazi, jicho moja nusu, kama sato aliyelala kwenye barafu pale mwaloni Kirumba, na nyuma yake FENI INAZUNGUKA.

Kwa wageni wa jukwaa: kila Jumapili saa kumi jioni, babu anacheza naye bao kwa simu ya video. Babu yupo hapa Igoma barazani, mheshimiwa yupo Toronto, kwao ni saa tatu asubuhi. Ubao ni mmoja tu, wa babu. Simu naifunga kwa mpira wa baiskeli kwenye stuli, kamera inatazama mashimo, kioo kinatazama juu ili babu amuone mjukuu wake. Mimi ndiye mkono wa mheshimiwa. Anasema "la tatu kutoka kushoto, peleka kulia", napeleka. Nimeacha kwenda kwa shoga zangu Jumapili zote hizo ili niwe mkono wa mtu.

Babu tangu saa nane ameshaoga. Anavaa shati la kanisani. Kete anazifuta moja moja na kitambaa. Ana miaka 81, akisahau alipoweka miwani tunamsaidia, lakini bao hasahau. Anakuhesabia mizunguko mitatu mbele wakati wewe bado unatafuta pa kuanzia.

Sasa leo. Tumeshatoka kwenye namu, ile hatua ya kuingiza kete za mkononi, tupo kwenye mtaji, tunacheza za ubaoni tu. Nyumba ya mheshimiwa, lile shimo lake la akiba, ilishaliwa zamani. Mstari wake wa mbele una kete tatu, basi. Babu kachota shimo la nyuma, kaanza kugawa polepole, na mimi hesabu naiona, ya mwisho inaangukia palepale, anakula zote tatu, mbele panabaki jangwa la Sahara, mchezo umekwisha. Babu amebakiza kete mbili mkononi. Mbili!

Akaganda.

Mdomo wazi. Jicho nusu. Feni inazunguka. Niliitazama ile feni, wakuu, inakwenda kulia, inarudi kushoto, inapeperusha pazia, mpaka nikahisi upepo wa Toronto umenifikia barazani. Mtandao ukiganda unaganda na nyumba nzima! Unaganda na pazia! Mtandao gani huo unamchagua mtu mmoja unamkamata shingo, feni unaiacha iendelee na kazi?

Halafu mtoto wake akapita nyuma na bakuli, akasimama, akamwangalia, akauliza, "Baba, unafanya nini?" Sauti tumeisikia safi kabisa. Babu kaisikia. Jirani aliyekuwa anaanika dagaa kaisikia. Ndipo simu ikakatika.

Dakika kumi baadaye anaandika kwenye grupu la ukoo, watu zaidi ya hamsini: "Mtandao wa huko kwenu majanga, tuhesabu sare. Halafu huyo dada ajifunze kuhesabu, kamera inageuza kulia kuwa kushoto, ndiyo maana kanipandia vibaya."

Nijifunze kuhesabu! Mimi! Kete 64 nazihesabu kila wiki. Zake 32: kumi naziweka ubaoni, sita kati ya hizo kwenye nyumba, 22 nazishika kwa mkono wangu huu huu. Haijawahi kupungua hata moja.

Na siwezi kumjibu, kwa sababu ni mtoto wa baba mkubwa, namuita kaka, na grupuni wapo mashangazi wanaosubiri nikosee heshima.

Kinachoniuma zaidi ni babu. Alikataa kuziweka zile kete mbili. Nikamwambia babu malizia, umeshashinda. Akasema, "Mtu haliwi hayupo." Akakaa nazo. Kala ugali kwa mkono mmoja, kete ziko mkono mwingine. Mpaka nimemwashia taa bado anaangalia simu.

Na feni ilikuwa inazunguka.

Sato Mkavu:

Povu lote hilo kwa ajili ya kete? Nilidhani kauza kiwanja cha ukoo.

BintiIgoma:

Kiwanja tungeenda baraza la kata. Jumapili ya babu naipeleka baraza gani?

Mjomba Nyegezi:

Pole sana mwanangu. Kuhusu kamera amekudanganya mchana kweupe. Ya mbele ndiyo inakuonyesha kama uko kwenye kioo, tena unajiona hivyo wewe mwenyewe tu. Wewe umetumia ya nyuma, na kamera ya nyuma haigeuzi kitu. Kulia ni kulia. Kama ubao aliuona juu chini, angegeuza simu yake, ana mikono miwili.

Kijana wa Kirumba:

Ndiyo maana mimi drafti tu. Unakuja kijiweni, unakaa, unaliwa, unainuka. Ukikimbia tunakuona mgongo. Haya mambo ya kucheza na mtu aliye ndani ya simu nilishayakataa.

Ng'wana Magu:

Drafti ni kusukuma vifuniko vya soda. Wazee wetu wa Kisukuma walikuwa na isolo, mistari minne, na kichwa kinachemka kwelikweli. Huyo babu nimempenda. Mpe salamu yangu, ng'wadila.

Kijana wa Kirumba:

Vifuniko vya soda? Njoo Kirumba Jumamosi, nikupe faida ya kete mbili, uende Magu kwa miguu ukilia.

MamaWawili:

Dada una afadhali, ubao wenu ni mmoja. Mimi nacheza karata na wifi yangu wa Dar, kila nyumba na pakiti yake. Juzi nimeshika jeki wa shupaza mkononi, huyu hapa, namtazama machoni. Wifi anamtoa jeki wa shupaza! Namwambia wifi, huyo ninaye mimi. Ananijibu eti kila mkoa na jeki wake. Na mume wangu anacheka! Na hapo bado sijasema kwamba kila mara tunacheza mimi nikiwa nimeegemea kabati la vyombo lenye vioo, anasoma karata zangu zote kwa nyuma. Nimekuja kugundua mwezi wa tatu. Miezi mitatu nafungwa na kabati langu mwenyewe!

Ukerewe Yetu:

Hao wote watoto. Shemeji yangu anacheza ludo na wanangu, yeye yuko Bukoba, sisi Nansio. Dadu anarusha yeye, upande wake, nje ya kamera. Unasikia kakakaka, halafu "SITA!" Kakakaka, "SITA tena!" Mtu mzima na ndevu zake. Mwanangu wa miaka saba akamwambia, "Baba mdogo, tuonyeshe." Akasema simu inaishiwa chaji.

BintiIgoma:

Angalau huyo katoa sababu. Wangu kaganda mbele ya feni.

Ukerewe Yetu:

Na nyie wa mjini mnaoigiza kuganda mnatukosea sana. Sisi huku kisiwani tunaganda kweli. Mvua ikianza upande wa ziwa, mtu unabaki umeinua kijiko dakika tano, na ndugu wanasema unajifanya. Watu kama huyo ndio wanaotuharibia jina.

Sato Mkavu:

Labda feni ina laini yake.

MamaWawili:

Sato, wewe huna babu?

Sato Mkavu:

Nilikuwa naye. Tulikuwa tunacheza karata, ananiibia mpaka nalia. Natamani aniibie tena leo. Haya, nimenyamaza.

Shangazi wa Mabatini:

Mimi nauliza kitu kimoja. Bando nani analipa? Maana hawa wa nje wanapiga, wakikatika wanasema "nipigieni nyie". Saa nzima ya video! Mimi mwanangu yuko Ujerumani, kila wiki naungua bando ili anionyeshe theluji dirishani. Theluji ileile.

BintiIgoma:

Naweka mimi, shangazi. Kwa hela yangu ya vitumbua. Hajawahi hata kuuliza.

Shangazi wa Mabatini:

Ndivyo walivyo. Na bando zenyewe siku hizi unaweka asubuhi, mchana linakutumia ujumbe wa kukuaga.

Kijana wa Kirumba:

Usiku ndiyo nafuu. Mimi natumia la usiku, naamka saa nane.

Ng'wana Magu:

Unaamka saa nane usiku kufanya nini?

Kijana wa Kirumba:

Hiyo mada nyingine.

Mjomba Nyegezi:

Kuna anayejua fundi anayechonga ubao wa bao hapa Mwanza? Nimevutiwa na huyo mzee. Kete za komwe ninazo, nimepewa na rafiki wa Tanga, ubao ndio sina.

Ng'wana Magu:

Mjomba, ubao mtafute fundi seremala yeyote anayejua kutumia patasi, mchoree mwenyewe. Mashimo 32, mistari minne ya nane nane. Mwambie ile nyumba aitoboe pembe nne, mafundi wengi wanasahau wanatoboa duara yote.

Mjomba Nyegezi:

Ahsante. Mti gani?

Ng'wana Magu:

Mninga ukiupata. Mbao laini zinaliwa na kete, mashimo yanalegea.

BintiIgoma:

Wakuu, naomba turudi kwenye mada. Kaandika tena grupuni sasa hivi. Anasema Jumapili ijayo tuanze upya, "mchezo ule haukuhesabika". Shangazi wawili wameweka dole gumba. Babu nimemsomea, akaniuliza kama kete zake nimezigusa. Ubao bado uko barazani, nimeufunika kanga. Mimi siufunui kuanza upya. Akipiga simu Jumapili atakuta kete zake tatu palepale na babu amebakiza mbili mkononi. FENI ILIKUWA INAZUNGUKA, nyie hamuoni?

Fundi wa Pansiansi:

Samahani dada, hiyo feni ilikuwa ya kusimama au ya mezani? Nauliza kwa sababu unasema inakwenda kulia na kurudi kushoto, kelele hujazitaja. Yangu ikigeuka inalia kama mbuzi.

Shangazi wa Mabatini:

Ya kusimama zote zinalia. Weka pangaboi.

Fundi wa Pansiansi:

Nyumba ya kupanga, mama, mwenye nyumba hataki nitoboe dari.

Ukerewe Yetu:

Mwenye nyumba wangu wa kwanza Mwanza alikuwa anazima umeme saa tatu usiku. Saa tatu! Kaa kitako nikusimulie.