Mrejesho: Kuchanganya msimbo wa GPL 2 na Apache 2.0

Wakuu, niliuliza kama naweza kuunganisha maktaba (msimbo uliokwisha kuandikwa) ya kuchora grafu yenye leseni ya GPL toleo la 2 na msimbo wa Apache 2.0 katika programu moja ninayotaka kuigawa; zote mbili ni leseni za programu huria. Inawezekana. Aliyenishauri nisome maelezo ya juu ya kila faili, nisiishie kwenye faili la leseni, ubarikiwe sana.

Kwenye faili za maktaba ile yameandikwa hivi: GPL toleo la 2 "au, ukipenda, toleo lolote la baadaye". Hapo ndipo njia ilipofunguka. GPL 2 peke yake haipatani na Apache 2.0, hasa kwa masharti ya hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake): ukimshtaki mtu kwamba msimbo ule unavunja hataza yako, Apache inakunyang'anya haki za hataza ulizopewa, na GPL 2 hairuhusu kuongezewa sharti lisilokuwamo. GPL 3, ya 2007, inalikubali sharti hilo. Basi programu nzima naitoa kwa GPL 3, na notisi za Apache zinabaki palepale.

Ingekuwa kerneli (kiini cha mfumo) ya Linux, ambayo ni GPL toleo la 2 tu, ningekwama.

Na yule aliyeuliza kuhusu AGPL 3, leseni dada ya GPL kwa programu zinazotumiwa kupitia mtandao: inaweza kuunganishwa na GPL 3, soma kifungu cha 13 cha leseni zote mbili.