Nani alichora hii maabara yetu? Viyoyozi vinakula stima hata Julai!

Wadau, nimenyamaza vya kutosha. Mimi ni mtaalamu wa maabara hapa Nairobi. Tulihamishiwa jengo jipya, vioo kutoka chini hadi juu, na ukuta mkubwa wa vioo unaangalia magharibi. Mji huu uko karibu kabisa na ikweta. Ukuta wa kaskazini au wa kusini unaukinga kwa kibaraza kifupi tu, lakini jua la jioni huja limelala, linaingia hadi mezani. Mchoraji hakulijua hilo? Ikifika saa tisa alasiri mashine ya kupima damu inaanza kupiga kengele ya joto. Sasa tumepasua katoni za glavu tukazibandika dirishani kwa selotepu. Jengo jipya kabisa!

Halafu friza. Zile za nyuzi 80 chini ya sifuri, ya zamani moja inaweza kula uniti 20 kwa siku, na umeme wote huo unaishia kuwa joto linalotoka nyuma yake. Zimepangwa wapi? Chumba kile kile tunachofanyia kazi. Kwa hiyo tunalipia stima ya kugandisha sampuli, kisha tunalipia tena ya kiyoyozi kuliondoa joto la friza. Chumba cha pembeni cha friza peke yake, chenye feni ya kutoa hewa moto nje, kingegharimu nini wakati wa kujenga?

Kinachonichoma zaidi ni Julai. Asubuhi watu wanakuja na majaketi mazito, nje nyuzi 12 au 13, na mashine za paani zinanguruma zikitengeneza baridi kwa ajili ya chumba chetu chenye friza! Baridi iko nje, ya bure, lakini hakuna aliyeweka njia ya kuiingiza ikiwa imechujwa.

Tukiuliza, tunajibiwa neno moja: usalama. Jamani, usalama ndio kazi yangu. Chumba cha kupima kifua kikuu lazima hewa yake ivutwe ndani na itoke kupitia vichujio, na dirisha halifunguliwi pale, kwa sababu upepo kidogo tu unaharibu mkondo wa hewa kwenye kabati la usalama, lile tunamofungulia sampuli ili vijidudu visitufikie. Hilo silipingi hata siku moja. Lakini chumba cha mafaili? Korido? Ofisi ya uhasibu? Vyote vimeunganishwa kwenye mfumo mmoja, nyuzi 20 usiku na mchana, hata Jumapili jengo likiwa tupu. Ofisi za Umoja wa Mataifa pale Gigiri, zilizofunguliwa 2011, zilijengwa zitumie hewa ya kawaida: hewa moto inapanda katikati ya jengo na kutokea juu. Anga ni hili hili letu.

Makabati ya kufyonza mivuke ya kemikali nayo yanavuta kwa nguvu moja muda wote, kioo cha mbele kiwe wazi au kimefungwa, mtu awepo au asiwepo. Hewa yote yanayoivuta ni hewa tuliyokwisha kuilipia ipoe, inamwagwa paani. Feni ikipunguzwa mwendo hadi nusu, umeme wake hushuka hadi karibu sehemu moja ya nane. Sensa tu ya kujua kioo kimeshushwa ingetosha kuanzia.

Na stima ikipotea, jenereta inabebeshwa yote kwa pamoja, kiyoyozi cha mhasibu na friza ya sampuli za wagonjwa kwenye laini moja. Imewahi kuzima kwa kulemewa. Sampuli hizo ni za watu wanaosubiri majibu!

Msiniambie ukaguzi wa nishati utakuja. Kanuni za usimamizi wa nishati za 2012 zilitaka jengo linalopitisha uniti 180,000 kwa mwaka likaguliwe kila baada ya miaka mitatu. Sawa, mkaguzi aje, lakini ukuta wa magharibi hataugeuza.

Sasa nimesikia jengo la pili linachorwa, na mkono ni ule ule. Hakuna aliyetuuliza mashine zipi zinatoa joto, zipi zinataka baridi, wala nani anakaa wapi. Waliowahi kukaa na wasanifu na wahandisi kabla ya msingi kuchimbwa, niambieni: mlipitia kwa nani hadi mkasikilizwa? Bodi? Kamati ya usalama? Nataka kuandika barua wiki hii, kabla vioo havijaagizwa.