Duke 2025, Purdue 2023 au Virginia 2018: niwaonyeshe vijana mechi gani?

Gadi_Namba4: Wadau habari zenu. Timu yangu imepoteza mechi iliyokuwa yetu kabisa, vijana wamenyong'onyea. Jumamosi nataka tukae tuangalie mechi moja ya kikapu ya vyuo Marekani ambayo wakubwa walipigwa. Nimebaki na hizo tatu. Ipi?

mama_ribaundi: Hujasema mlipotezaje. Mlifikiwa mkiwa mbele au mlizidiwa toka mwanzo? Na wana umri gani?

Kapelo: Duke bila mjadala. Kipindi cha pili wako mbele kwa 14, zimebaki sekunde kama 35 bado wanaongoza kwa 6, Houston wakashinda 70-67. Dakika 10 za mwisho Duke wamefunga kikapu kimoja tu, zilizobaki ni fritro (mitupo huru ya faulo). Waliacha kucheza wakawa wanasubiri muda uishe!

zoni23: Mimi Purdue. Wana Edey wa futi 7 na inchi 4, wapinzani wao FDU wafupi kuliko timu zote za daraja lao, na bado 63-58. Walimzunguka Edey mbele na nyuma wakawaachia wengine warushe, Purdue wakarusha mipira ya pointi tatu 26 zikaingia 5.

Gadi_Namba4: Wana miaka 15 na 16. Tuliongoza mpaka robo ya nne, wakaanza kutubana uwanja mzima tukashindwa hata kuingiza mpira.

mama_ribaundi: Sasa ndo umesema. Haya yamenikuta nikiwa mchezaji, fainali, tuko mbele, wakatupandishia presi, gadi wetu kasimama nje ya mstari mpira uko juu ya kichwa, refa anahesabu kwa mkono, sisi wote tumeshakimbilia mbele hakuna anayerudi kumfuata, sekunde 5 zikaisha mpira wao, na ikajirudia vilevile huku kocha ana taimauti mbili mfukoni. Tukafungwa. Kesho yake akatuwekea mkanda na kila gadi akikosea anasimamisha picha, yule dada hakurudi tena mazoezini, na mpaka leo inaniuma. Kwa hiyo Duke, maana baada ya Sharp wa Houston kufunga pointi tatu, mpira wa Duke wa kuingiza ulinyakuliwa, Wilson wa Houston akakosa, mwenzake Tugler akamalizia. Ila usimwandame mtoto mmoja.

Kapelo: Na ile ya Flagg wa Duke kwa Roberts wa Houston haikuwa faulo.

zoni23: Ilikuwa faulo, alimpanda mgongoni. Tatizo Proctor wa Duke alikosa fritro.

benchi_la_nyuma: Hapo waelezee vijana sheria. Vyuo vya wanaume Marekani kuanzia faulo ya 7 ya wapinzani kwenye kipindi, ukikosa fritro ya kwanza hupati ya pili, mpaka zifike 10. Kwa sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, Proctor angerusha mbili.

Kapelo: Sheria sawa, lakini refa hawezi kuamua nusu fainali kwa mguso ule.

shabiki_kongwe: Virginia mmeisahau? Mapumziko 21-21, kipindi cha pili wakafungwa 53 na UMBC, mara ya kwanza timu iliyopangwa namba 1 kwenye mashindano kutolewa na iliyopangwa namba 16 kwa wanaume. Mwaka uliofuata mabingwa! Vijana walionyong'onyea wanahitaji hiyo.

zoni23: Hunter wa Virginia alikuwa majeruhi lakini.

shabiki_kongwe: Angemzuia Lyles wa UMBC? Yule alifunga 28.

Gadi_Namba4: Naelekea Duke, dakika mbili za mwisho tu. Ila ya Virginia nayo imenigusa, sijui niziweke zote siku moja au watachoka?

mama_ribaundi: Watachoka. Simamisha kabla mpira haujaingizwa, muulize kila mmoja angekimbilia wapi.

Kapelo: Na ukifika kwa Flagg rudisha taratibu, uangalie mikono.