Kuongeza obijekti katika Forth: anwani ikae juu ya staki au ifichwe?

Fundi_Likoni:
Assalaam aleikum. Ninaandika kwa lugha ya Forth programu ya maikrokontrola itakayopima kina cha maji katika matangi ya huku kwetu Likoni, ambako maji ya mfereji huja kwa zamu na kila nyumba hujiwekea akiba. Vihisi ni vya aina mbili, cha mawimbi ya sauti na cha boya, nami nataka vyote viitikie neno moja (yaani amri moja ya Forth), `soma`, kila kimoja kwa njia yake. Nimezoea Java, yenye klasi (violezo vya obijekti, yaani data pamoja na methodi, kazi zake) na urithi (klasi kupokea methodi za klasi nyingine). Je, naweza kuiongezea Forth mambo hayo bila kugusa kompaila, na anwani ya obijekti ikae wapi ilhali staki, rundo ambalo maneno ya Forth huchukua na kuweka namba, ndiyo inayobeba hesabu zote?

Maalim_Tudor:
Waaleikum salaam. Kompaila iache ilivyo. Forth humruhusu mwandishi kutunga hata maneno yanayozaa maneno mengine, kwa `create` na `does>`, na hapo ndipo Bernd Paysan alipoijenga Mini-OOF, maktaba ndogo ya obijekti inayokuja pamoja na Gforth (mojawapo ya matoleo ya Forth) na ambayo yote ni mistari michache tu. Kiini chake ni hiki:

`does> @ over @ + @ execute`

Isome polepole. `@` husoma thamani iliyo kwenye anwani; ya kwanza huleta nafasi ya methodi katika jedwali la methodi za klasi. `Over @` hunakili anwani ya obijekti na kuchukua seli (nafasi moja ya kumbukumbu) yake ya kwanza, iliyohifadhi anwani ya jedwali la klasi. `+ @` huipata methodi yenyewe, na `execute` huiendesha. Obijekti hubaki juu ya staki, tayari kwa methodi hiyo. Urithi nao ni kunakili jedwali la mzazi, kisha kubadilisha unachotaka.

Mkaazi_wa_Kizingo:
Maalim, hayo ni sahihi, ila methodi ikihitaji namba tatu pamoja na obijekti, msimbo hujaa `swap` na `rot`, maneno ya kupanga upya staki, hadi mwenyewe usiuelewe. Gforth ina pia maktaba ya `objects`, ambamo methodi huandikwa kati ya `m:` na `;m`, na obijekti huwekwa kando katika `this`. Gharama yake ni kuhifadhi `this` ya awali na kuirejesha kila methodi inapoitwa.

Bi_Fundi:
Kwa aina mbili za vihisi, mimi sioni haja ya klasi. Weka anwani ya neno la kusomea katika seli ya kwanza ya kila kihisi, namba ya pini katika ya pili, kisha:

`: soma ( o -- n ) dup @ execute ;`

Fundi_Likoni:
Shukrani, Bi Fundi. Chipu yangu ni ya biti 16, yaani seli moja ni baiti 2, kwa hiyo kila kihisi chenye seli mbili kitachukua baiti 4 tu. Nitaanza na hiyo. Mini-OOF nitaigeukia nikianza kuongeza vihisi vya pampu.