Malisho ya zamani yamejaa omuteete, nyasi ngumu ng'ombe wasizozipenda: nianzie wapi kabla ya mvua ya Septemba?

Mfugaji_Kiruhura: Wakuu, nina ekari 4 zilizomezwa na omuteete. Nashauriwa nichome moto, kisha nimwage mbegu za Rhodes, nyasi za malisho, juu ya majivu. Itafaa? Na mahindi je, naweza kuyachanganya humo?

JembeKavu: Ssebo (bwana), moto peke yake unazinyoa tu. Shina liko chini, mvua ikinyesha linachipua upya. Ng'oa kwa jembe wakati huu wa kiangazi, mizizi itazame juu ikaukie juani. Lima mara mbili, katikati uache wiki 2 au 3 magugu yaote uyaue. Udongo uwe laini ila umeshikana. Kisigino kikizama, bado. Mbegu ni kilo 4 hadi 5 kwa ekari. Zina manyoya na hupeperuka, kwa hiyo changanya na mchanga mkavu. Nusu mwaga ukienda mashariki-magharibi, nusu kaskazini-kusini. Kisha buruta tawi la miiba, basi. Zikizama zaidi ya sentimita 1 au 2, nyingi hazitoki.

Mama Malisho: Mahindi yachanganye, yatarudisha gharama ya kulima. Ila mistari iachane sentimita 90, si 75, na nyasi zimwagwe baada ya palizi ya kwanza, wiki ya 3 au ya 4. Wengi hupanda vyote siku moja tena kwa kubana, halafu wanalaumu mbegu kumbe ni kivuli. Ongeza stailo, lishe ya jamii ya kunde, kilo 1 kwa ekari. Ganda la mbegu yake ni gumu: loweka dakika 10 katika maji ya nyuzi 80, anika kivulini. Mbolea weka kwenye shina la mahindi tu. Ukirusha nitrojeni kila mahali, nyasi zitaifunika stailo.

Mfugaji_Kiruhura: Asante mama. Mbegu za Rhodes nilizopata zimevunwa mwezi jana.

JembeKavu: Hapo ngoja. Mbegu mbichi za Rhodes hulala miezi 3 hadi 6. Weka mbegu 100 kwenye kitambaa chenye unyevu, hesabu siku ya 14. Zikiota chache mno, panda mvua ya Machi.

Nakasongola_Mchwa: Penye vipara vya mchwa, laza ng'ombe hapo wiki 2 kwanza, samadi ijae, ndipo upande.

Mama Malisho: Na usiwahi kulisha. Shika konzi ya nyasi, vuta kwa nguvu kama ulimi wa ng'ombe. Zikitoka na mizizi, funga lango.