Kufunga mpaka kwa hasira: nani anaumia, wao au sisi?

Tangawizi ya Madaba
Wadau, nirudishe jambo la Aprili 2025. Malawi walizuia unga, mchele, tangawizi, ndizi na mahindi, na Sauzi wamezigomea ndizi zetu miaka na miaka. Bashe, aliyekuwa Waziri wa Kilimo wakati huo, akajibu kwa kufunga mazao yote ya kilimo ya nchi hizo mbili, na mbolea ya kwenda Malawi ikasimama. Wiki haikuisha, zuio likaondolewa, watu wakaitana mezani. Sisi tunaopeleka mzigo nje tushangilie au tulie? Mimi cheti cha usafi wa mimea ninacho, cha uasili kinachoonyesha mzigo umetoka wapi ninacho, kodi nimelipa. Pale Kasumulu, mpakani na Malawi, vilikuwa makaratasi ya kujipepea tu.

Chuma cha Tunduma
Dawa ya moto ni moto. Malawi haina bahari, mizigo yake inapita bandari yetu, halafu inatuzuilia ndizi? Upole wetu ndio uliotufikisha hapa. Umeona walivyokuja mbio kuzungumza?

Bi Hesabu
Taratibu, kaka. Malawi hawakuitaja Tanzania peke yake, walizuia bidhaa hizo zitoke popote. Shida yao uhaba wa dola. Utamlipizaje mtu ambaye hakukukusudia? Na zuio la kisasi halisomi vyeti: aliyefuata sheria na aliyepita njia ya panya wanaumia sawasawa, tena wa njia ya panya anaumia kidogo. Mwenye mkataba anamwambia nini mteja wake, asubiri mawaziri wapatane?
Ila na nyie wa tangawizi mjirekebishe. Mwaka jana nilinunua gunia, robo nzima udongo.

Tangawizi ya Madaba
Udongo?! Dada, mimi nalipa akina mama waoshe tangawizi kipande kwa kipande. Umenunua kwa dalali wa barabarani halafu unatuchafua wote. Sema gunia ulilitoa wapi.

Posho Mill Kitale
Udongo unaoshwa bana. Mahindi yenu je? Machi 2021 sisi Kenya tuliyafunga sababu ya aflatoksini, ile sumukuvu ya ukungu, na hatukuonea mtu. Mnalia vyeti, na mkiulizwa cheti mnasema jirani ana roho mbaya.

Chuma cha Tunduma
Haya, ameshaingia. Mliyafunga siku chache tu mkayafungua wenyewe, maana njaa haina masharti. Na usinifundishe sumukuvu. 2004 huko Makueni na Kitui walikufa watu 125, na mahindi yalikuwa ya mashambani kwenu.

Posho Mill Kitale
Tuliyafungua na masharti: muagizaji ajisajili, mzigo uwe na cheti, sumu isizidi sehemu 10 kwa bilioni. Hiyo si njaa, ni sheria. Na 2016 Dodoma na Manyara watu wenu walikufa na nini, malaria? Nyinyi mkifunga ni uzalendo, sisi tukifunga ni roho mbaya. Hata vifaranga elfu kumi wa watu mlichoma Namanga!

Chuma cha Tunduma
Elfu kumi umewatotolesha wewe? Walikuwa 6,400, Oktoba 2017, waliingia bila kibali, na ilikuwa hofu ya mafua ya ndege.

Posho Mill Kitale
Sawa, 6,400. Na ng'ombe wetu zaidi ya 1,300 mliopiga mnada mwezi huohuo walikuwa na mafua gani?

Chuma cha Tunduma
Ng'ombe walikuja kula nyasi zetu bila hodi. Wewe ukikuta mbuzi wa jirani kwenye sukuma wiki yako unamuimbia?

Posho Mill Kitale
Namrudisha kwa mwenyewe. Simuuzi.

Bi Hesabu
Jamani, mbuzi ametoka wapi tena? Niliuliza kuhusu mkataba. Mtu ana makontena ya parachichi yanayokwenda Sauzi, leo tukiwafungia tufaha zao, kesho wakigusa parachichi anakimbilia wapi? Hakuna hata mmoja wenu aliyenijibu.

Chuma cha Tunduma
Atafute soko jingine. Dunia kubwa.

Bi Hesabu
Soko jingine kwa wiki moja, na parachichi limeshachumwa? Umewahi kupakia hata fuso moja wewe?

Chuma cha Tunduma
Nimepakia kabla hujajua kuwasha simu, mama.

Posho Mill Kitale
Alipakia vifaranga huyo.

Tangawizi ya Madaba
Bi Hesabu, gunia.

Bi Hesabu
Kariakoo, kwa kijana mmoja karibu na Shimoni. Alisema ni ya Madaba.

Tangawizi ya Madaba
Wote wanasema ya Madaba. Nitumie picha.